Jike hataki dume, mama anamkataa mwana: kutafuta chanzo kwa kufuata pua

Malalamiko ya uzazi ya wafugaji wadogo, kuanzia Njoro na Bahati hadi Vihiga na Busia, yanafanana sana. Mbuzi amekaa miezi bila kumtaka beberu. Nguruwe ametimiza siku zake, lakini ukimbonyeza mgongo anachomoka. Kondoo amezaa pacha, mmoja anamlamba na mwingine anampiga kichwa. Mwenye mnyama hukimbilia agroveti kuulizia sindano ya homoni, ilhali chanzo mara nyingi kiko kwenye mpangilio wa banda: dume amekaa karibu mno, au hayupo kabisa, au mtoto ameoshwa kabla mama hajamnusa. Mamalia wengi huongozwa na harufu tangu kubalehe hadi kunyonyesha. Sisi wenye pua hafifu ndio tunaosahau.

Kwanza ondoa yasiyo ya pua

Harufu ya dume haiwezi kumwamsha jike ambaye mwili wake umekataa, kwa hiyo usianze na beberu, anza na jike mwenyewe. Je, ana mimba tayari? Huku Magharibi mwa Kenya, ambako mbuzi hufungwa kando ya barabara na mabeberu ya majirani wanazurura, swali hilo si la mzaha. Si ajabu mbuzi aliyeitwa tasa kuzaa wiki chache baada ya kuuzwa sokoni Lubao.

Pitisha kiganja mgongoni. Ukihisi kila ncha ya mfupa bila kubonyeza, amekonda, na mwili uliokonda huzima uzazi ili ujiokoe. Funua kope la chini la jicho: likiwa jeupe badala ya jekundu, shuku minyoo wanaonyonya damu. Hesabu siku tangu azae, uangalie kama bado ananyonyesha wengi, na kama anapata chumvi ya madini au anapewa tu majani ya mahindi. Haya yakiwa sawa, ndipo zamu ya pua inapofika.

Kinachotokea puani

Mtazame beberu aliyenusa mkojo wa jike. Anainua kichwa, anakunja mdomo wa juu hadi ufizi uonekane, na kubaki hivyo sekunde kadhaa kana kwamba anacheka. Hapo anavuta majimaji kuyapeleka kwenye kiungo kidogo kilicho juu ya kaakaa, chenye vitundu vyake nyuma kidogo ya ufizi wa mbele. Kiungo hicho huitwa cha Jacobson, kwa jina la Ludwig Jacobson, mpasuaji wa Denmark aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19. Ni njia ya pili ya kunusa, tofauti na ule utando wa juu ndani ya pua tunaoutumia kunusa chapati jikoni. Kemikali ambazo mnyama huzitoa na zikabadilisha tabia au mwili wa mwenzake wa aina ileile zimeitwa feromoni tangu 1959, jina walilolibuni Peter Karlson na Martin Lüscher.

Maelezo mengi ya zamani husema feromoni zote hupitia kiungo cha Jacobson. Sivyo. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walikiziba kiungo hicho katika nguruwe majike, na nguruwe hao waliponusa harufu ya dume walisimama kama kawaida. Iwe ni njia ipi, ujumbe hufika sehemu ya chini ya ubongo inayotoa homoni iitwayo GnRH. Hiyo huiamuru tezi ya pituitari kumwaga homoni nyingine, LH, ambayo ndiyo inayokomaza yai na kulitoa. Maana yake ni kwamba harufu ya dume haileti hamu peke yake, inafika hadi kwenye mayai. Na kwa kuwa inafika huko, inafaa kupangiwa saa na kipimo kama dawa.

Mbuzi au kondoo majike wamenyamaza, hakuna anayetaka dume

"Daktari, beberu yuko nao mchana na usiku, mbona hawamtaki?" Jibu limo ndani ya swali lenyewe. Jike aliyezoea harufu ya dume yuleyule haishughulikii tena. Mwaka 1944 watafiti wa Australia waliandika kuhusu jambo hili kwa kondoo: dume akiingizwa ghafla kwa majike waliotengwa naye, wengi wao huingia joto, yaani siku za kutaka dume, karibu kwa pamoja. Kwa mbuzi ni hivyo hivyo. Dakika chache baada ya harufu mpya kufika, mapigo ya LH huongezeka katika damu ya jike, na kwa kawaida yai hutoka ndani ya siku mbili au tatu.

Harufu yenyewe ni nini? Mwaka 2014 watafiti wa Japani waliwavika mabeberu kofia maalumu za kunasa mvuke wa ngozi ya kichwa. Miongoni mwa kemikali walizozikuta ni 4-ethyloctanal, ambayo haikuwepo kwa mabeberu waliohasiwa, na ambayo peke yake iliweza kuchochea ile sehemu ya ubongo wa jike inayotoa GnRH. Cha ajabu ni kwamba inanukia mithili ya limau. Ikikutana na hewa hubadilika na kuwa asidi yenye ule uvundo wa beberu unaoujua. Harufu inayotukera sisi, basi, ni mabaki ya ile inayomwamsha jike, na hata hiyo haifanyi kazi peke yake. Sauti ya beberu, umbo lake na usumbufu wake vyote vinachangia. Kondoo walioharibiwa uwezo wa kunusa bado waliitikia kwa kiasi walipowekwa pamoja na dume.

Ukitaka kuitumia, mtenge dume wiki tatu au nne, mahali ambapo majike hawamwoni, hawamsikii, wala upepo hauwaletei harufu yake. Katika shamba la Molo au Rongai hilo linawezekana. Kwenye robo ekari ya Vihiga haliwezekani, na usijisumbue kujenga ukuta. Badala yake leta dume mgeni, kwa sababu kinachofanya kazi zaidi ni ugeni wa harufu kuliko urefu wa kutengana. Mnaweza kubadilishana mabeberu na jirani, mradi wote wamepimwa bruselosi (ugonjwa wa kutupa mimba) na hakuna aliye na vidonda sehemu za siri.

Kisha fuata kalenda, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Mbuzi anaweza kuonyesha joto siku ya pili au ya tatu, akapandwa, kisha akarudi kwenye joto baada ya siku tano hadi saba tu. Usimlaumu beberu, wala usimpeleke sokoni. Yai la kwanza mara nyingi hufuatwa na mzunguko mfupi usioshika mimba, na joto la pili ndilo lenye matumaini. Kwa kondoo yai la kwanza hutoka kimya, bila dalili yoyote, na joto la kuonekana huja kati ya siku ya 17 na ya 25 hivi. Mwache dume nao wiki sita. Baada ya hapo mzunguko wa kawaida wa mbuzi ni siku 21 hivi, na wa kondoo 17.

Dume yupi? Mkomavu, aliyeshiba na anayenuka. Huko Kiamunyi na mitaa mingine ambako majirani wako ukutani, nimesikia wenye mabeberu wakiwaosha kwa sabuni kila wiki ili kuepuka ugomvi. Beberu aliyeoshwa anapendeza kwa watu na amepoteza nusu ya kazi yake. Tabia yake ya kukojolea ndevu na miguu ya mbele si uchafu, ndivyo anavyojipaka. Chimbuko jingine ni tezi zilizo nyuma ya mzizi wa pembe, na aliyechomwa pembe utotoni huenda tezi hizo ziliungua pia. Beberu aliyekonda naye hunuka kidogo kwa sababu homoni zake zimeshuka. Mlishe vizuri wiki kadhaa kabla ya kumwingiza.

Kama huna beberu na unahitaji kujua siku ya kumpeleka mbuzi kwa jirani, tumia kitambaa. Chukua kipande cha blanketi kuukuu, msugue beberu wa jirani nyuma ya pembe na kwenye ndevu hadi kitambaa kishike mafuta, kisha kifungie kwenye mkebe wa maziwa ya unga wenye mfuniko. Kila asubuhi ufungue mkebe mbele ya pua ya mbuzi. Siku za kawaida atanusa na kurudi kwenye majani yake. Siku ya joto atasukuma pua ndani ya mkebe, mkia utatikisika haraka kushoto na kulia, atalia, na ukiondoka na mkebe atakufuata. Una saa 24 hadi 36 za kumfikisha.

Mambo mawili hukosewa sana hapa. La kwanza ni kusoma vitabu vya Ulaya vinavyosema mbuzi na kondoo hupandwa siku zinapofupika. Ikweta inapita Maseno, na hapo urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kumshtua mnyama. Jike wa kwetu akinyamaza, tafuta lishe, minyoo, kunyonyesha au dume, achana na msimu wa Ulaya. La pili ni mbuzi asiye na pembe. Katika mbuzi wa maziwa wa aina ya Saanen, Toggenburg na Alpine, ukimpandisha jike asiye na pembe kwa asili na beberu asiye na pembe kwa asili, baadhi ya watoto wanaoonekana majike huwa huntha, si jike kamili wala si dume. Ukiwa na "jike" wa namna hiyo asiyeshika joto kamwe, mwenye shingo nene na harufu ya kibeberu, hakuna ratiba itakayomsaidia. Kuanzia hapo hakikisha mmoja wa wazazi ana pembe.

Nguruwe ana dalili zote, lakini hasimami

Uke umevimba na kuwa mwekundu, analialia, anapanda wenzake, na ukimkalia mgongoni anakutupa. Pengine bado hajafika tu: wekundu hutangulia kusimama tuli, dalili ya kuwa tayari kupandwa, kwa siku moja hadi tatu. Mpime asubuhi na jioni.

Lakini uliza pia dume yuko wapi. Majaribio ya Ufaransa ya miaka ya 1960 yalionyesha kwamba, kati ya nguruwe walio kwenye joto kamili, karibu nusu tu ndio waliosimama kwa kubonyezwa mgongo na mtu. Harufu na sauti ya dume zilipoongezwa, karibu wote walisimama. Kwa hiyo anayepandisha kwa mrija wa mbegu bila dume shambani anaweza kukosa nusu ya majoto yake na kudhani majike ni wabovu.

Chunguza dume anapokutana na jike. Anatafunatafuna hewa, na povu jeupe zito linamjaa pembeni mwa mdomo. Hilo povu ndilo barua. Korodani hutengeneza androstenone na androstenol, damu huzibeba hadi kwenye tezi za mate chini ya taya, na mate huzitoa zikiwa zimeshikwa na protini. Jike aliye kwenye joto akizinusa husimama tuli, masikio juu, mgongo umekakamaa. Huna haja ya kumwingiza dume bandani kila mara: mpitishe mbele ya jike, pua kwa pua kupitia mbao, wakati mtu mwingine anabonyeza mgongo. Au futa povu la dume wako mwenyewe kwa kitambaa na umshikie jike puani. Kuna dawa za kupuliza zenye androstenone, nazo husaidia, ingawa hazilingani na dume mzima.

Kinyume chake pia ni tatizo, na mashamba mengi yamejengwa hivyo: banda la dume limepakana na la majike, ukuta mmoja. Kusimama kwa jike huchosha misuli. Hufikia kilele dakika kumi hadi kumi na tano za kwanza, kisha analegea, na hatasimama tena kwa muda hata dume akiwa hapo. Anayenusa dume usiku kucha, ukija asubuhi kumpima utakuta ameshachoka. Hamisha dume upande wa pili wa uwanja, mweke mbali walau saa moja kabla ya kupima, na ukipata jike aliyesimama asubuhi, mpandishe jioni na urudie kesho yake asubuhi.

Kwa majike wachanga wasiobalehe ingawa wamefika miezi saba, tiba ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Anza kuwaonyesha dume wakiwa na miezi mitano na nusu hivi, kila siku dakika 15 hadi 20, ana kwa ana, mtu akisimamia. Dume awe na miezi kumi au zaidi. Walio chini ya hapo hawajajaza tezi za mate, na majaribio yamewakuta hawana faida kwa kazi hii. Ukikanyaga banda na macho yakawasha kwa amonia, anza kwa kusafisha, kwa sababu hewa hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa kubeba harufu ya dume, na pua iliyojaa makamasi haisomi barua.

Onyo moja: homa ya nguruwe ya Afrika iko nchini na haina tiba, na virusi vyake vimo ndani ya mate. Usiazime nguruwe dume, wala kitambaa cha povu, kutoka shamba lingine. Hapa mbinu ya mkebe wa mbuzi haifai.

(Kwa wanaouliza: manukato yanayouzwa mjini kwa jina la feromoni, ya kumvuta mpenzi, mara nyingi huwa na androstenone au androstenol, yaani kile kilicho kwenye povu la nguruwe. Mpaka sasa hakuna feromoni ya binadamu iliyothibitishwa, na kiungo cha Jacobson kwa mtu mzima ni kovu lisilofanya kazi. Pesa hiyo inunue chumvi ya madini.)

Ng'ombe wa kufungiwa haonyeshi joto

Kwa ng'ombe wa maziwa harufu ina nafasi ndogo katika mikono yetu, kwa sababu karibu kila mtu hupandisha kwa mrija na hana fahali. Ni kweli kwamba ng'ombe wa nyama wanaokaa na fahali baada ya kuzaa hurudi kwenye joto mapema zaidi. Lakini kuazima fahali ili apate harufu ni kukaribisha bruselosi na trikomona, ugonjwa wa kupandana, na mimi sishauri hata kidogo. Mbwa wamefunzwa kutambua harufu ya ng'ombe aliye kwenye joto tangu miaka ya 1970, kwa hiyo harufu ipo, ni pua zetu tu zisizoifikia.

Ng'ombe mmoja aliyefungiwa peke yake hana wa kumpanda wala wa kumnusa, na sehemu kubwa ya joto hupita usiku. Mwangalie saa tatu au nne usiku kwa tochi: ute mwepesi wa kuvutika kama kamba chini ya mkia, kutotulia, maziwa kupungua. Ukiona damu kidogo kwenye mkia, joto limepita siku moja hadi tatu zilizopita. Andika tarehe hiyo, anza kuvizia tena baada ya siku 16. Aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni, wa jioni apandishwe asubuhi.

Beberu mgeni ameletwa, na jike akatupa mimba

Wapo wanaosema ni harufu ya mgeni. Chanzo cha imani hiyo kina ukweli, ila kwa panya. Mwaka 1959, London, Hilda Bruce aligundua kwamba panya jike aliyepandwa karibuni akinusa dume asiye yule aliyempanda, mimba hukwama kabla haijajishika kwenye mji wa uzazi. Hutokea siku chache tu baada ya kupandwa. Mbuzi wa miezi mitatu anayetupa mimba hana habari na jambo hilo.

Dume mgeni anaweza kuwa mwenye makosa kwa njia nyingine: kumkimbiza na kumpiga jike mwenye mimba kubwa, au kuleta ugonjwa. Shuku bruselosi, klamidia na toksoplasma. Usishike kijusi au kondo la nyuma kwa mikono mitupu, usimpe mbwa, na mama mjamzito nyumbani asikaribie kabisa. Mwite daktari wa mifugo achukue sampuli, kwa maana bruselosi huingia kwa watu, na maziwa ya kundi hilo yachemshwe bila kujadiliana.

Mama amezaa, anamkataa mwana

Kabla ya yote, gusa kiwele. Chuchu yenye joto na uvimbe inauma, na mama anayeumia humpiga teke yeyote. Tibu hilo kwanza.

Kama kiwele ni kizima, jiulize nini kilitokea katika saa mbili za mwanzo. Kondoo asiyekaribia kuzaa huchukizwa na majimaji ya uzazi. Mtoto anapopita, kutanuka kwa njia ya uzazi hufungua homoni ya oksitosini kwenye ubongo, na ghafla majimaji hayohayo yanamvuta. Anapoyalamba anajifunza harufu ya mwanawe huyo, si ya mwana yeyote. Ndani ya saa mbili hivi amemkariri, na baada ya hapo anayenuka vingine ni mgeni. Kwa mbuzi, majaribio ya 1964 yalionyesha kwamba dakika tano za kukaa na mtoto mara tu baada ya kuzaa zilitosha mama kumkubali aliporudishwa baada ya saa nzima. Walionyang'anywa mtoto bila hata dakika hizo tano, wengi walimkataa.

Sasa angalia tunavyofanya kwa nia njema. Mvua inanyesha Subukia, mwanakondoo amezaliwa saa tisa usiku, mtu anamchukua hadi jikoni, anamwosha kwa maji moto na sabuni ya unga, anamkausha kwa taulo la nyumbani, anamrudisha alfajiri. Yote yamekwenda: ute, harufu, na muda. Au mtu anammwagia dawa kali ya kuua viini mwili mzima, wakati iodini ya kitovu pekee ingetosha. Mama mwenye pacha naye, akiwa amehama kona moja na kuzalia mwingine pengine, anaweza kumpoteza wa kwanza kwenye kumbukumbu ya pua.

Ikiwa hayajapita masaa mengi, mfungie mama na mtoto kwenye chumba kidogo kiasi cha kutoweza kukimbia. Kama kuna majimaji ya uzazi au utando bado mbichi, mpake mtoto mgongoni na hasa chini ya mkia, maana hapo ndipo mama hunusa anapomkagua anayenyonya. Chumvi kidogo kwenye manyoya humfanya alambe. Mshike mama mtoto anyonye. Asiyekubali, mfunge kichwa kati ya mbao mbili, akiwa na maji na majani mbele yake, mtoto anyonye kila saa mbili tatu. Baada ya siku mbili hadi tano maziwa yake yatakuwa yameshapita mwilini mwa mtoto, harufu itakuwa imebadilika, na wengi hukubali. Wakati huo usimwache mtoto na njaa: kamua dang'a, maziwa ya kwanza, umpe kwa chupa ndani ya saa sita za mwanzo.

Kumhamishia yatima kwa mama aliyefiwa ni rahisi zaidi. Chuna ngozi ya aliyekufa, itoboe matundu manne ya miguu, mvike yatima siku mbili au tatu. Wafugaji wa nyanda kavu wamefanya vivyo hivyo kwa ng'ombe tangu zamani, wakijaza majani kwenye ngozi ya ndama ili mama ashushe maziwa. Usifanye hivyo kama mtoto alikufa kwa kutupwa mimba au kuhara.

Anayezaa kwa mara ya kwanza ndiye hutegemea pua kupita wote. Mwache peke yake, watoto wa nyumbani na wageni wasimshike mtoto hadi amalize kumlamba.

Sungura wanapigana badala ya kupandana

Umempeleka dume kwenye kizimba cha jike. Kizimba hicho kina harufu yake kila mahali, na yeye analinda kwake. Dume naye anapoteza muda kupaka kidevu kwenye kila waya. Fanya kinyume: mpeleke jike kwa dume, uke ukiwa na rangi nyekundu iliyokoza, kisha umrudishe. Sungura hana joto la siku 21. Kupandwa ndiko hutoa yai, saa kumi hivi baadaye.

Watoto wakifa siku ya pili matumbo yakiwa matupu, usiseme mara moja mama hana maziwa. Mama hunyonyesha mara moja kwa siku, dakika tatu au nne tu, na vipofu hao huipata chuchu kwa harufu. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa waliitambua kemikali yenyewe katika maziwa: 2-methylbut-2-enal. Kiota kilichobadilishwa majani yote siku ya kwanza, manyoya ya mama yakatupwa, na kunyunyiziwa dawa yenye harufu kali, kinawavuruga wote. Toa waliokufa na majani yaliyolowa, bakiza manyoya.

Maziwa ya mbuzi na nyama ya nguruwe vinanuka dume

Maziwa ni jambo dogo. Beberu akae mbali na mahali pa kukamulia, kiwele kioshwe, na aliyemshika beberu anawe na abadilishe koti kabla ya kukamua. Funika chombo.

Nyama inahitaji kueleweka zaidi. Androstenone ileile ya povu hujikusanya kwenye mafuta ya dume asiyehasiwa, ikisaidiwa na kemikali nyingine, skatole, inayotengenezwa na bakteria wa utumbo na kuongezeka bandani kusipofagiwa kinyesi. Nyama mbichi inaweza kukaa kimya kabisa. Ikipata moto ndipo harufu ya mkojo na jasho inapotoka. Mwuza nyama Nakuru anaweza kuapa kwamba nyama ni safi na mteja akaapa inanuka, na wote wakawa wakweli: mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba tofauti katika jeni ya OR7D4 huwafanya watu wengine wakerwe na androstenone, wengine waisikie kidogo, na wengine wasiisikie kabisa.

Hasi madume wa nyama kabla hawajafika wiki mbili. Aliyehasiwa mkubwa mpe wiki kadhaa kabla ya kuchinja, mafuta yajisafishe. Siku ya kuchinja, kata kipande cha mafuta ya shingo, kikaange bila chumvi wala kitunguu, na uwaite watu watatu au wanne wainamie sufuria kwa zamu. Mmoja wao akirudisha uso nyuma, nyama hiyo usiiuze ya kuchoma. Ipeleke kwenye soseji zenye viungo vingi zinazoliwa zikiwa baridi.